Askofu Aliyefariki Siku ya Noeli: Miaka ya Mwisho ya Joseph Shanahan mjini Nairobi

Katika makaburi ya wamisionari ya Mtakatifu Austin, Nairobi, wamelala wamisionari wa zamani, wengi wao Mapadre na Mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni hiyo mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Nilipokuwa fratera nikisoma teolojia katika mji huo, Jumamosi alasiri tuliruhusiwa kutembea. Wenzangu wengi walielekea sokoni au uwanjani. Mimi nilipendelea kuteremka bondeni, kwenye kijito kimojawapo kati ya vile vinavyoigawa Nairobi ya magharibi katika migongo migongo, na wakati wa kurudi nilipitia makaburini kusali Salamu Maria tatu. Siku moja mlezi wetu, mzee aliyekuwa ameistaafia kazi ya kufundisha, alinieleza kwamba hapo aliwahi kulala askofu mmoja kwa miaka kumi na miwili tu, kisha watu wake wakaja kumchukua wakampeleka kwao. Kwao ni wapi, nikamwuliza, Ireland? Akatikisa kichwa. Walimpeleka Nigeria.

Nimelikumbuka jambo hili tena Majilio haya, kwa sababu askofu huyo alifariki siku ya Noeli, na kwa sababu nyingine nitakayoieleza mbele kidogo. Jina lake ni Joseph Shanahan. Nchini Nigeria, hasa mashariki ya mto Niger, hakuna mkatekumeni asiyelijua. Kwetu huku Afrika ya Mashariki, alikomalizia siku zake, ni wachache wanaolitaja, ingawa waumini wa Turkana na wa Kitui wamebatizwa na wamisionari ambao shirika lao lilizaliwa kutokana na maneno yake.

Alizaliwa Juni 1871 katika kijiji cha Glankeen, wilaya ya Tipperary, Ireland. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe. Mjomba wake alikuwa bruda wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Ufaransa, na kwa njia yake kijana Joseph alipelekwa Beauvais mwaka 1886, akiwa na miaka 15, kuanza malezi. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1900, akawa mlezi wa wanafunzi katika koleji ya Rockwell, na mwishoni mwa mwaka 1902 akapanda mashua kuupandisha mto Niger hadi Onitsha.

Huko hakupokelewa kwa matarumbeta. Mkuu wa misheni, Padre Lejeune, alimkabidhi kazi ya kufyatua na kuchoma matofali. Padre aliyezoea darasa na kanzu safi akawa anakanyaga udongo. Sisi tuliopita seminari tunalicheka jambo hili kidogo, maana kila mmoja wetu anao udongo wake wa kwanza, parokia aliyotumwa akidhani anakwenda kuhubiri, akakuta kinachohitajika ni paa. Lejeune alifariki mwaka 1905, na Shanahan akawekwa mahali pake kama Prefekti wa Kitume. Alikuwa na miaka 34.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi uliobadili historia ya Kanisa katika nchi ile. Tangu wamisionari walipofika Onitsha mwaka 1885, njia yao kubwa ilikuwa kuwakomboa watumwa kwa fedha na kuwaweka katika vijiji vya Kikristo karibu na misheni. Ilikuwa kazi ya huruma, wala asiwepo wa kuidharau. Lakini Shanahan aliona kwamba watu huru wa vijijini, wenye ardhi na wazee na mila zao, walilitazama Kanisa kama nyumba ya watu waliokosa kwao. Aliomba fedha zilizotoka Ulaya kwa ajili ya ukombozi wa watumwa zielekezwe kwenye shule. Akaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji, akikaa na wazee, akiwasikiliza, akiwaomba wajenge wenyewe darasa la udongo na makuti, naye awaletee mwalimu. Mwalimu huyohuyo alikuwa katekista. Mtoto alijifunza kusoma asubuhi, na jioni akawafundisha wazazi wake Baba Yetu.

Wapo waliomlaumu wakati ule, na wapo wanaomlaumu hadi leo, kwamba aliligeuza Kanisa kuwa idara ya elimu, na kwamba ruzuku ya serikali ya kikoloni ina masharti yake. Mimi naona lawama hiyo ina chembe ya kweli. Hata hivyo, shule zile hazikuwa mali ya misheni peke yake. Zilijengwa kwa mikono ya wanakijiji, na ndiyo maana walizipenda. Katika seminari ya Mtakatifu Paulo, Igbariam, aliyoifungua mwaka 1924, alilelewa kijana aliyekuwa mwalimu wa shule hizo, Michael Tansi, ambaye baadaye alikuwa mmonaki aitwaye Cyprian, na ambaye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1998.

Kazi hii Shanahan aliifanya kwa miguu na kwa mtumbwi. Niger na mito inayouingia ilikuwa barabara yake, na palipokosekana maji alitembea. Mwaka 1918, vita kuu vilipokuwa vinamalizika, alielekea Kameruni kuwatazama waumini walioachwa bila padre baada ya wamisionari Wajerumani kuondolewa. Alipita milima ya Bamenda, akafika Nso, akashuka hadi pwani ya Douala. Ilikuwa safari ya maili zipatazo 1,000, yaani zaidi ya kilomita 1,600, sehemu kubwa akitembea. Aliwakuta Wakristo waliokuwa wakikusanyika kila Dominika kusali wakiongozwa na makatekista, bila Misa, wakingoja. Aliwapa sakramenti akaendelea mbele. Mwili wake haukupona kamwe kutokana na safari ile.

Mwaka 1920 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Maynooth, Ireland. Kabla ya kurudi Afrika aliwaomba mapadre na mafrateri wa majimbo ya Ireland wajitolee japo kwa miaka michache. Wachache wakaitika, na kutokana nao mwaka 1932 likazaliwa Shirika la Mtakatifu Patrisi, wale tunaowaita Wakiltegani, walioingia Kenya miaka ya 1950. Mwaka 1924 alianzisha Masista Wamisionari wa Rozari Takatifu huko Killeshandra, kwa sababu aliona wasichana wa Nigeria wameachwa nyuma. Desemba 1930 John Cross Anyogu, mmoja wa mapadre wa kwanza Waigbo, alipewa daraja takatifu.

Lakini kufikia hapo askofu alikuwa amechoka. Macho yalififia na masikio yakawa mazito. Kazi ilikuwa imekua kuliko nguvu za mtu mmoja, na si wamisionari wote walioridhika na namna alivyoiendesha. Mwaka 1927 alikuwa amepewa askofu mwandamizi, kijana Charles Heerey. Mwaka 1931 Shanahan aling'atuka. Alikuwa na miaka 60, umri ambao leo maaskofu wetu wengi ndipo kwanza wanaanza kuuzoea uaskofu. Mwaka 1932 aliondoka Nigeria.

Alirudi Ireland, akakaa katika nyumba za shirika lake. Hakuwa na jimbo wala darasa wala kijiji kilichomngoja. Mtu aliyekuwa akiamshwa usiku na wajumbe wa machifu sasa alikuwa mzee mezani, mwenye heshima zote, na asiyehitajika. Tusiipake rangi hali hiyo. Vitabu vya maisha ya watakatifu hupenda kuruka miaka ya namna hii, kana kwamba mtu aliyemtumikia Mungu vizuri hawezi kuumia anapoondolewa katika utumishi. Shanahan aliumia. Watu wake walikuwa ng'ambo ya bahari, na katika nchi aliyozaliwa alikuwa mgeni.

Hapa niseme ile sababu nyingine. Katika parokia niliyokuwa paroko miaka michache iliyopita, aliishi padre mstaafu katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Alikuwa amebatiza nusu ya watu waliokuwa wakinijia ofisini. Nilihakikisha chakula chake kinafika na dawa zake zinanunuliwa. Kumtembelea nilimtembelea Noeli na Pasaka, na siku ya somo wake nikikumbushwa na sista. Nilikuwa na ujenzi, semina, vikao vya jumuiya ndogo ndogo. Alikuwa akitembea polepole kila jioni hadi daraja la mto ulio chini ya parokia, akasimama akitazama maji, akarudi. Mara nyingi nilimpita nikiwa kwenye gari, nikapunga mkono. Alipofariki, niliombwa kuhubiri, na nilipoketi kuandika mahubiri niligundua kwamba sikujua alikuwa akiwaza nini pale darajani. Waliojua ni watoto waliokuwa wakiteka maji. Kwao alikuwa Babu Padre, aliyewauliza majina ya mama zao na kuyakumbuka.

Turudi kwa askofu. Mwaka 1938 Askofu John Heffernan, Mwirishi mwenzake wa shirika lilelile, aliyekuwa akiiongoza Vikarieti ya Kitume ya Zanzibar, alimpokea Afrika ya Mashariki. Msomaji akumbuke kwamba wakati ule vikarieti hiyo ilianzia kisiwani ikapanda hadi Nairobi. Ndiyo iliyokuja kuwa Jimbo Kuu la Nairobi mwaka 1953. Shanahan alikuwa na miaka 67. Hakuja kuanzisha lolote. Alikuja kuwa kapelani wa Masista Wakarmeli.

Kazi ya kapelani wa Karmeli ni fupi kuieleza. Alfajiri huadhimisha Misa. Siku hizo ilikuwa kwa Kilatini, padre akiielekea altare, na masista wakiwa upande wao nyuma ya kimia, ambako aliwapa Komunyo kwa kupitia dirisha dogo. Huwaungamisha. Huwapa mawaidha. Huongoza Baraka ya Sakramenti Kuu siku zilizopangwa. Kisha mlango hufungwa, masista wakaendelea na ukimya wao, kazi za mikono na saa zao mbili za sala ya moyo kila siku, naye akabaki na breviari yake na mchana mrefu. Anawafahamu wale anaowahudumia kwa sauti kuliko kwa sura. Kwa mtu ambaye masikio yamekuwa mazito, hata sauti hizo ni kazi kuzipata.

Nimewahi kuadhimisha Misa katika monasteri ya wamonaki wa ndani, nami nikatamani kuondoka kabla ya kifungua kinywa, si kwa sababu ya ubaya wowote, ila kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba ninahitajika mahali fulani. Shanahan aliishi hivyo miaka mitano. Hatua zake, zilizopimwa kwa maelfu ya maili, sasa zilikuwa za kutoka chumbani hadi sakristia.

Na bado naona kwamba Mungu hakumpeleka pale kwa bahati. Mwaka 1927 Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, Mkarmeli, kuwa msimamizi wa misheni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Wengi walishangaa, kwa sababu Teresa aliingia Karmeli ya Lisieux akiwa na miaka 15 na hakutoka humo. Ksaveri alisafiri hadi Japani, Teresa hakufika katika nchi yoyote ya misheni. Katika Nairobi ya mwaka 1938 wawili hao wamekaa kana kwamba katika nyumba moja: mzee aliyekuwa Ksaveri wa Nigeria, na mabinti wa Teresa nyuma ya kimia. Yeye alikuwa ametembea, wao walikuwa wakisali kwa ajili ya wanaotembea. Sasa alikuwa upande wao. Aliyekuwa akiwaomba watawa duniani wamsaidie kwa sala alijifunza uzeeni kuwa mmoja wa wanaosaidia kwa njia hiyo tu, bila kuona matunda.

Mji uliomzunguka ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikuwa na maeneo yao, Wahindi yao, na Waafrika walipangiwa mitaa ya mashariki na kutakiwa kubeba vipande shingoni. Shanahan alikuwa ametumia ujana wake kukaa kwenye mikeka ya wazee wa Kiigbo, na hakuna shaka aliuona ukuta huo. Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 Italia ilipoingia vitani, wamisionari Waitaliano waliokuwa Kenya waliwekwa kizuizini, na misheni nyingi zikabaki na mapadre pungufu au bila padre kabisa. Ilikuwa hadithi ya Kameruni tena, ila safari hii mwenye miguu ya kwenda hakuwa na miguu hiyo. Mwaka huohuo askari wa kikosi cha Nigeria walishuka Mombasa, wakapita Kenya kwenda kupigana Somalia na Ethiopia. Ninapowaza juu yao hujiuliza jinsi mzee yule alivyozipokea habari hizo, kwamba vijana wa nchi aliyoitoka wamefika karibu naye kiasi hicho, wakiwa na bunduki.

Mwishoni mwa mwaka 1943 nguvu zilimwishia. Alifariki tarehe 25 Desemba, Jumamosi, Sherehe ya Kuzaliwa kwa Bwana, akiwa na umri wa miaka 72. Padre yeyote anajua Noeli ilivyo: maungamo hadi usiku wa manane, Misa ya mkesha, Misa ya alfajiri, Misa ya mchana, ubatizo. Ni siku ambayo kila padre ana kazi. Siku hiyo ndiyo Bwana alimwita yule ambaye hakuwa na parokia. Akazikwa kwa wenzake, pale Mtakatifu Austin.

Kwa desturi za Ulaya, habari ingeishia hapo. Mmisionari huzikwa anapofia, na kaburi lake ni sehemu ya sadaka yake. Lakini Waigbo wana mawazo mengine, nasi Waafrika wenzao tunayaelewa bila kuelezwa. Mtu aliyefia ugenini hajafika. Zaidi ya hayo wanayo desturi ya maziko ya pili, ambayo watoto wa marehemu wanadaiwa kuyatimiza, hata ikipita miaka, ili mzazi wao apumzike na wao wenyewe wapumzike. Asiyemzika baba yake mara ya pili ana deni. Na wao walijihesabu kuwa watoto wa Shanahan. Familia yake kwa damu ilikuwa Tipperary, shirika lake lilikuwa na makaburi yake kila mahali, naye alikuwa tayari amepumzika Nairobi. Hoja hizo hazikuwatosha.

Askofu Mkuu wa Onitsha wakati huo alikuwa Charles Heerey, yuleyule aliyekuwa mwandamizi wake. Mabaki ya Shanahan yalifukuliwa Nairobi, Kenya ikiwa bado chini ya hali ya hatari, yakavushwa bara zima kutoka mashariki hadi magharibi. Januari 1956 yaliingia nchi ya Waigbo. Watu walitoka vijijini. Wengi wao hawakuwahi kumwona, kwa sababu alikuwa ameondoka miaka 24 kabla. Walikuwa watoto wa wale waliosoma katika madarasa ya udongo na makuti, na walikuwa wamesikia jina lake nyumbani, likitajwa kama linavyotajwa jina la babu. Mwaka 1997 Jimbo Kuu la Onitsha lilianzisha mchakato wa kumwombea atangazwe Mwenyeheri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Alizikwa ndani ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Onitsha, si mbali na ukingo wa Niger, mto ule ambao mwaka 1902 aliupandisha kwa mashua, akapewa kazi ya kufyatua matofali.